Ushahidi Uliotoka Ghalani

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Watu wote humwita Shazia, ile sindano kubwa ya chuma ya kushonea magunia, na ukiuliza sababu utapewa mbili. Ya kwanza ni kazi: mwaka wa ishirini na mbili sasa ameketi juu ya kigoda mlangoni mwa ghala la ushirika wa wakulima wa mpunga, shazia mkononi, kamba ya katani begani, akifunga midomo ya magunia. Sababu ya pili ni mdomo wake mwenyewe, na hiyo hutaambiwa akiwa karibu.

Mwanamke huyu hamwamini mtu. Ukimpa habari za asubuhi, anakutazama kwanza aone unataka nini. Akinunua sukari, anaipima upya nyumbani kwa kikombe chake. Daktari akimwandikia dawa, anakwenda kumuuliza muuza dawa kama daktari yule anajua kazi, halafu anarudi kwa daktari kumuuliza habari za muuza dawa. Marehemu mumewe alikuwa akiwachekesha watu kwa kusema kwamba siku ya ndoa bibi harusi alitaka cheti kisomwe mara mbili, na mara ya pili akafuatisha kwa kidole. Watu walicheka. Shazia hakucheka, kwa sababu mara ya kwanza walikuwa wameruka mstari kweli.

Na tuwe wakweli jamani, hakuota tu. Mlangoni pale ameona jiwe limefungwa chini ya mizani. Ameona gunia lina mchele mzuri juu, na katikati ni chenga na mchanga. Ameona madereva wakichoma magunia kwa bambo, kile kibomba chenye ncha cha kuonjea nafaka, wakaonja mpaka ndoo ikajaa. Kwa hiyo akajitungia mshono wake: akifika kwenye sikio la mwisho la gunia, ile pembe ya kushikia, anarudi nyuma mara mbili na kuipitisha kamba chini ya fundo, ili mtu akifungua na kufunga upya ajulikane. Wenzake wawili wanaoshona naye wamejaribu kuuiga wakashindwa, naye amewaacha wahangaike.

Aliyekuwa anashika funguo za ghala ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo wake huyo tunamwita Mama Pacha. Ana pacha, wote wako sekondari, na kilichokuwa kinawaweka huko ni mshahara wa ghala, maana shamba lao ni kipande ambacho ukipiga chafya umekivuka. Shemeji ni mtu mrefu, mpole, mwenye tabasamu la kudumu. Tabasamu hilo Shazia hakulipenda tangu bwana alipokuja kuchumbia. Mtu anayemchekea kila mtu, alimwambia mdogo wake, ana jambo. Mama Pacha akamjibu kwamba jambo lenyewe ni kwamba amefurahi.

Sasa lazima tueleweshane kuhusu mbolea, maana bila mbolea hakuna kisa. Kila msimu serikali hulipa nusu ya bei ya mbolea na mkulima hulipa nusu iliyobaki. Ile nusu ya serikali ndiyo ruzuku. Mbolea hiyo huja katika magunia meupe yenye herufi za kijani, kimo cha kiganja: MBOLEA YA RUZUKU. HAIRUHUSIWI KUUZWA. Mkulima akishaimwaga shambani, gunia halitupwi, nani atupe gunia zima? Linafuliwa mara tatu, linaanikwa juani, linageuzwa nje ndani ili herufi zijifiche, na ghalani magunia mapya yakiisha, linatiwa mchele. Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote, na sehemu kubwa ya mchele huo ilikuwa inavuka mpaka kwenda kuuzwa nchi jirani, kwa wanunuzi waliokuwa wakiusifu na kulipa bila maneno.

Basi siku moja mwenyekiti wa ushirika, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, akaita wanachama na kuwasomea barua. Wakulima wa mpunga wa nchi jirani walikuwa wamelalamika kwa serikali yao. Walidai mchele wetu unauzwa rahisi kwao kwa sababu serikali yetu inatulipia, na kwamba hilo linavunja sheria za biashara ya mataifa. Wachunguzi wangekuja kuona kwa macho yao. Wakithibitisha, kila gunia letu litakalovuka mpaka litatozwa ushuru wa ziada, na hapo wanunuzi watatupa kisogo. Kaya zaidi ya mia mbili zingebaki na mchele wa kuutazama. Kisha mwenyekiti akasoma mstari wa mwisho, polepole: malalamiko hayo yameambatana na ushahidi uliotoka katika ghala la ushirika wenu.

Neno lililowauma lilikuwa hilo moja, uliotoka. Shazia ndiye aliyelisemea.

"Haukutoka wenyewe," alisema. "Ushahidi hauna miguu. Kuna mtu aliutoa."

Kuanzia siku hiyo ghala likageuka mahali pa kutazamana. Wapakiaji walikuwa wanaimba kazini, wakaacha. Fundi wa kinu, mzee mmoja mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kope, alianza kufunga kabati lake la spana, kana kwamba nchi jirani imetuma watu kuiba spana. Na Shazia, ah, Shazia alikuwa kama aliyepewa kazi aliyozaliwa nayo. Alishona huku jicho moja likizunguka. Alitega sikio. Aliwapima mmoja mmoja: mpakiaji aliyenunua redio, karani aliyeanza kunyoa ndevu kila siku, dereva ambaye mke wa mjomba wake alitoka ng'ambo. Kila mmoja alimweka kando kwa sababu moja tu: karatasi za mbolea, nani amechukua mifuko mingapi na lini, hawakuwa nazo. Aliyekuwa nazo ni mmoja.

Moyo ulimuuma, msidhani haukumuuma. Ni mume wa mdogo wake, amekula kwake, amemzika mumewe. Lakini Shazia alijiambia kwamba mwizi hana ndugu, na akaanza kumwangalia shemeji kama anavyoangalia mizani. Siku ya kwanza akaona kwamba simu ikilia, shemeji hutoka nje kuipokea. Kila simu. Huenda mpaka kwenye ukuta wa choo, anazungumza akiwa ameinamisha kichwa. Kwamba ndani ya ghala, chini ya bati lile zito, hakuna simu inayoshika mtandao, na kwamba hata yeye Shazia hupokea simu zake kwenye ukuta uleule wa choo, hilo halikumjia akilini. Mtu akishatafuta, anapata.

Siku ya nne akaja bwana mmoja wa miwani, shati safi, daftari dogo mkononi. Si mwanachama, si dereva, si mnunuzi wa kawaida. Shemeji alimpa kiti, kiti chenyewe kile cha mwenyekiti, wakakaa upande wa kinu wakizungumza kwa sauti ya chini huku bwana anaandika. Waliagana kwa kushikana mikono muda mrefu kuliko watu wanaojuana kwa salamu tu. Shazia aliiacha shazia imening'inia kwenye gunia, akamfuata shemeji akamuuliza walikuwa wanaongea nini na yule bwana.

Shemeji akacheka. "Pumba tu, shemeji," alisema, akaenda zake.

Pumba tu! Yaani amemuuliza swali la maana, swali la kaya mia mbili, anajibiwa kwamba walikuwa wanaongea upuuzi. Amefukuzwa kwa kicheko kama mtoto aliyechungulia maongezi ya wakubwa. Usingizi ulimhama. Alilipindua jibu lile huku na huku, na kila alivyolipindua alizidi kuona kwamba mtu asiye na la kuficha hajibu hivyo.

Jumamosi ile ulikuwepo mkutano. Shazia alisimama kabla ya ajenda kusomwa, akasema yote: simu za ukutani, karatasi za mbolea, bwana wa miwani, daftari, kiti cha mwenyekiti. Alisema vizuri, lazima tukubali. Alisema bila kupaza sauti, na watu walikuwa na hofu, na mwenye hofu anapenda kupewa jina la mtu. Mama Pacha alikuwa amekaa safu ya pili, mkoba umepakatwa. Shazia hakumtazama.

"Nilimuuliza mwenyewe walikuwa wanaongea nini," alimalizia. "Akanijibu pumba."

Shemeji akainuka. Lile tabasamu lilikuwa limebaki usoni kwa mazoea tu. Akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. "Lakini ni kweli," alisema. "Zilikuwa pumba."

Watu waliangua kicheko. Mwingine alikigonga kiti cha mbele yake kwa mkono. Mwenyekiti aligonga meza mpaka wakatulia, na shemeji akawa bado amesimama, anageuka huku na huku kama mtu aliyesahau mlango ulipo. Alitaka kuongeza neno, lakini kila alipoanza kulikuwa na mtu wa nyuma aliyesema "pumba", na kicheko kikaanza upya. Akakaa. Kabla ya jioni funguo zilikuwa mkononi mwa mwenyekiti. Mama Pacha alimpita dada yake mlangoni akiangalia mbele, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake.

Wiki mbili baadaye, siku moja kabla ya wachunguzi, alikuja afisa biashara kutoka wizarani kutuandaa. Alikuwa bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na Shazia aliziona kalamu kabla ya kumwona mtu. Mkweli, alijisemea, kalamu moja inamtosha. Lakini bwana alieleza mambo yakaeleweka. Sheria za biashara ya mataifa, alisema, hazikatazi kila msaada. Kumsaidia mkulima mdogo kununua mbolea ni jambo linalovumilika kwa nchi kama yetu. Kulipia mchele wenyewe ili ukauzwe nje kwa bei ya kutupa, hilo ni marufuku. Na hata ule msaada unaovumilika, nchi inayonunua ikionyesha kwamba umeshusha bei na kuwaumiza wakulima wake, ina haki ya kuweka ushuru wa kufidia.

Fundi wa kinu akauliza kama nchi kubwa haziwalipi wakulima wao. Afisa alitoa leso, akajifuta uso, akasema zinawalipa, tena kwa mafungu ambayo sisi hatujawahi kuyaona, ila zina wanasheria wa kuyatafutia jina. Mkulima wa huko analipwa kutunza ndege na kingo za mito, na hapohapo anaendelea kulima. Watu wakaguna. Kisha afisa akatuomba tusilitaje neno ruzuku mbele ya wageni, tuseme msaada wa pembejeo. Shazia alimuuliza: kama kitu kimeruhusiwa, kwa nini kibadilishwe jina? Afisa akasema ni suala la lugha tu. Shazia akakaa chini akiwa na hakika kwamba huyu naye yumo.

Wachunguzi walikuwa wawili, mama mmoja mwenye mvi fupi na bwana wa kamera, pamoja na mkalimani. Waliketi mbele ya meza ya ghala, wakakataa chai, wakakubali maji ila wakanywa ya chupa waliyokuja nayo. Hilo nalo Shazia aliliandika kichwani. Mwenyekiti alizungumza kuhusu msaada wa pembejeo kama alivyofundishwa, mara mbili ulimi ukateleza akasema ruzuku, na mara zote mbili yule mama alitikisa kichwa taratibu kama mtu asiyeshangaa. Kisha akafungua bahasha, akaweka picha moja mezani, akawaomba wanachama wasogee.

Ilikuwa picha ya gunia. Gunia jeupe, limesimama kwenye forodha ya ng'ambo, limechanwa ubavuni na mchele unamwagika, mchele wetu huo, mrefu, mweupe. Na juu ya tumbo la gunia, herufi za kijani, kimo cha kiganja.

"Hatuelewi," mama alisema, na mkalimani akafuatia. "Serikali yenu imeandika kwenye mchele wenu kwamba una ruzuku na hauruhusiwi kuuzwa. Mbona mmetuuzia?"

Watu walipigwa na butwaa. Wachache walitaka kucheka, wakaona si pahali pake. Kwa hiyo huu ndio ushahidi uliotoka ghalani! Haukuwa karatasi, haukuwa siri, haukuibwa na mtu. Ulikuwa umetoka kwa lori, mchana kweupe, umepakiwa na kupigwa muhuri. Ulitoka kama magunia yote yanavyotoka.

Shazia hakuwa anatazama herufi. Alikuwa anatazama mdomo wa gunia, kwenye kona ya picha, pale kamba ilipofika kwenye sikio la mwisho. Ilirudi nyuma mara mbili. Ikapita chini ya fundo.

Hapo siku yenyewe ikamrudia yote. Msimu uliopita kulikuwa na fununu kwamba mfanyabiashara mmoja anabadilisha magunia yetu njiani, anaweka chenga zake mahali pa mchele wetu. Ikatokea asubuhi moja magunia mapya yameisha, lori linanguruma nje, shemeji amekwenda mjini kuchukua karatasi za forodha. Shazia akapata akili. Akawaambia wapakiaji wasiyageuze magunia, herufi zibaki nje, kwa kuwa magunia ya mbolea ile wanayo wanachama peke yao na mwizi hataweza kuyapata ya kubadilishia. Themanini aliyashona kwa mkono wake. Hakumwambia mwenyekiti, hakumwambia shemeji, maana huwezi kujua nani ana njama na nani. Magunia yalifika yote salama, akajipongeza kimoyomoyo, na jambo likapita.

Mwenyekiti alikuwa anakohoa. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata pa kupumulia, kwamba kwa kweli ghala lilikuwa na mtunzaji asiye mwaminifu, na kwamba ushirika umekwisha kumwondoa, na bila shaka hii ni kazi yake. Mkalimani akatafsiri. Mama wa mvi akashika kalamu.

Hapo Shazia angeweza kunyamaza. Tuseme tu ukweli, aliwaza kunyamaza. Wapakiaji wa siku ile walikuwa vibarua, wamekwisha kutawanyika. Mshono hakuna aliyeutambua, wale wenzake wawili walikuwa wanatazama herufi kama kila mtu. Shemeji alikwisha kuchafuka, uchafu mwingine ungemwongezea nini? Na yeye angebaki Shazia, mtu asiyedanganyika. Aliweka kidole juu ya fundo pale pichani.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Huo mkono ni wangu."

Akaenda kwenye rundo, akachukua gunia la mbolea lililofuliwa, akaligeuza mbele yao nje ndani, herufi zikapotea. Akaligeuza tena, zikarudi. Akaeleza kuhusu fununu, lori, magunia themanini. Akashona mdomo hapohapo mpaka sikio la mwisho ili wafananishe na picha. Alisema ruzuku, na hakusema msaada wa pembejeo hata mara moja. Ruzuku ni ya mbolea, alisema, na mbolea imekwisha kuliwa na udongo, mchele huu umelimwa kwa mgongo. Afisa wa kalamu tatu alifumba macho. Bwana wa kamera alipiga picha mikono yake.

Mama wa mvi aliuliza kwa nini hakuwaambia wenzake alichofanya.

"Sikuwaamini," Shazia alijibu.

Mkalimani alisita, akamtazama mwenyekiti, kisha akatafsiri. Mama akaliandika jibu lote bila kuinua uso.

Walikaa siku nzima, wakapekua karatasi za mbolea, na wakazikuta safi, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa shemeji. Barua yao ilikuja miezi mitatu baadaye: kwamba mchele wenyewe haulipiwi na serikali, kwamba msaada wa mbolea ni mdogo, ushuru hautaongezwa msimu huu, watatazama tena mwakani, na magunia yawe mapya. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ile, wageni walipoondoka, Shazia alikuwa bado ameshikilia uzi mmoja. Sawa, gunia ni lake. Na yule bwana wa miwani je? Daftari je? Moyo wake ulikuwa unaukaza uzi huo kwa nguvu, kwa sababu ukikatika hakuna kilichobaki.

Akatoka nje, na bwana wa miwani alikuwepo. Alikuwa upande wa kinu, shati safi limekunjwa mikono, anapakia mifuko kwenye pikapu akisaidiwa na fundi. Shazia alimwendea moja kwa moja akamuuliza anapakia nini. Bwana alishangaa swali lenyewe.

"Pumba, mama," alisema. "Nafuga kuku. Tulikubaliana na mtunza ghala tangu mwezi uliopita, nikaandika na bei. Yuko wapi siku hizi? Nampigia simu hapatikani."

Fundi wa kinu alitazama pembeni. Pumba zilikuwa zimetoboka mfuko mmoja, zinamwagika chini, na kuku wawili wa jirani walikuwa wamekwisha kuzigundua. Shazia alikuwa na haya ambayo hajawahi kuijua, haya ya kumshika mtu masikio na kuyachoma. Alikumbuka kicheko cha ule mkutano, na sauti ya mtu mpole inayosema ni kweli, zilikuwa pumba.

Mwenyekiti alimpa Shazia funguo amrudishie shemeji, kwa kuwa ni ndugu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anaona aibu. Nyumba ya Mama Pacha ni hatua mia tatu kutoka ghalani. Mlango ulikuwa wazi. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Sare zilikuwa zimekunjwa vizuri, na pacha walikuwa nyumbani siku ya shule, wamekaa chumba cha ndani. Walikuwa wamerudishwa kwa ajili ya ada. Shazia aliweka funguo mezani, akasema alichokuja kusema, kuhusu picha na mshono na kuku. Akaomba radhi. Mdogo wake hakuacha kupiga pasi mpaka kola ikaisha.

"Wale wageni, dada, wametoka nchi nyingine," alisema. "Hawatujui. Wamekuja na picha mkononi, na bado waliuliza kwanza kwa nini. Wewe ulikuwa jirani yetu, na hukuuliza."

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza. Akakujibu. Ukamshtaki mkutanoni."

Shazia akamuuliza mdogo wake afanye nini sasa. Mama Pacha aliisimamisha pasi.

"Kaa umsubiri," alisema. "Akija, muulize alikuwa wapi leo. Akikujibu, mwamini. Hilo tu."

Akakaa. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani shemeji alipoingia, amechoka, viatu mkononi. Alimwona Shazia, akaona funguo mezani, hakuzigusa. Lile tabasamu lilijaribu kuja, halikufika. Mama Pacha alisimama mlangoni mwa chumba, macho hayambanduki dada yake.

"Shikamoo, shemeji" haikuwahi kuwa salamu kati yao, walikuwa rika moja. Shazia hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanza alipoambiwa.

"Shemeji, leo ulikuwa wapi?"

"Kituo cha malori," alisema. "Nilikuwa napakua matofali."

Matofali ya kituoni ni mekundu, kila mtu anajua, ni ya udongo wa kuchoma. Vumbi lililokuwa begani kwa shemeji, na kwenye nywele zake, lilikuwa jeupe. Shazia aliliona kabla shemeji hajamaliza kusema. Alihisi swali linapanda kifuani, likafika kooni, likafika kwenye meno, naye akaona mdogo wake ameishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, shemeji," alisema, akainuka akampisha kiti.